Sahihi na Usahihi: Historia ya Kadi za Brooklyn

Katika lugha ya Kiswahili neno sahihi lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutaja jambo la kweli, lisilo na kosa wala hila. Kazi ya pili ni kutaja jina ambalo mtu ameliandika kwa mkono wake mwenyewe chini ya barua au hati. Waliolipokea neno hili kutoka Kiarabu na kulitwika mizigo miwili hawakukosea, kwa sababu mtu atiaye sahihi hukiri kwamba jambo lililo mbele yake ni lake, na kwamba ni la kweli. Walakini ulimwengu una njia nyingi za kutenga vitu vilivyozaliwa pamoja, na historia ina mifano ya sahihi iliyokwenda upande mmoja na usahihi ukaenda upande mwingine. Mfano mmoja umo katika jambo ambalo kwa kulitazama juu juu huonekana kuwa mchezo wa watoto: desturi ya watu wa Marekani ya kukusanya kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli, na kuwaomba wachezaji wa timu waipendayo wazitie sahihi.

Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira, wachezaji tisa kwa tisa, nao katika Marekani una daraja kama ile ya kandanda katika nchi nyingine. Hapana mji mkubwa usio na timu, na hapana timu isiyo na watu ambao furaha na huzuni zao za kila siku hufuata ushindi na ushinde wake. Kadi ilikuwa njia ya mtu mdogo kumiliki sehemu ya jambo kubwa. Mtoto hakuweza kuwa na kiwanja, wala hakuweza kuwa na mchezaji. Lakini aliweza kuwa na sura ya mchezaji mfukoni mwake.

Asili ya kadi hizi haikuwa kwa watoto, bali kwa wavuta tumbaku. Katika miaka ya 1880 watengenezaji wa sigara wa Marekani walitia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti laini ili sigara zisivunjike. Akili ya biashara ikaona ni hasara kukiacha kipande hicho kitupu. Kikapigwa chapa picha za waigizaji, wapiganaji ndondi na wachezaji wa besiboli. Baina ya mwaka 1909 na 1911 ilitoka jamii moja ya kadi zaidi ya 500, na mojawapo ilikuwa ya Honus Wagner, mchezaji mkuu wa Pittsburgh. Kadi yake ilisimamishwa mapema, na zilizosalia ni chache mno. Wako wasemao kwamba Wagner hakupenda watoto wavutwe kwenye tumbaku kwa sura yake, na wako wasemao kwamba alitaka malipo. Lolote lililo kweli, swali lililozuka halikuzikwa tena: sura na jina la mchezaji ni mali ya nani?

Jina ambalo wakusanyaji huliitia jamii hiyo ya kadi, yaani T206, halikutoka kiwandani. Lilitoka katika orodha iliyotungwa na Jefferson Burdick wa Syracuse, katika jimbo la New York. Burdick alikuwa mfanyakazi wa kuunganisha vifaa vya umeme, mtu asiye na mali, mwenye ugonjwa wa baridi yabisi uliomtesa viungo. Kuanzia mwaka 1947 aliitoa hazina yake kwa Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York: vipande vya karatasi zaidi ya 300,000, na miongoni mwake kadi za besiboli zipatazo 30,000. Alikwenda kuzibandika mwenyewe vitabuni, huku mikono ikizidi kukataa kazi, akaimaliza mwezi wa Januari 1963; mwezi wa Machi mwaka huo akafa. Kwa Burdick kadi ilikuwa ushahidi wa maisha ya watu wa kawaida, na ushahidi hauhitaji kuwa ghali ili utunzwe. Fikira hiyo inafaa kukumbukwa, kwa sababu wengi waliomfuata walishika njia nyingine.

Baada ya vita ya pili ya dunia tumbaku iliwaachia nafasi wauza ubani wa kutafuna. Huko Brooklyn, upande mmoja wa jiji la New York, palikuwa na kampuni iitwayo Topps. Ubani wake uliitwa Bazooka, jina lililosafiri mbali hata katika miji ya Afrika Mashariki wako wauitao ubani wa namna hiyo bazoka. Mwishoni mwa mwaka 1951 kijana wa kampuni hiyo, Sy Berger, aliketi katika meza ya jikoni nyumbani kwake Brooklyn akapanga sura ya kadi za mwaka uliofuata. Mbele aliweka picha ya rangi, alama ya timu, na jina la mchezaji kwa herufi za chapa. Nyuma aliweka habari za maisha yake na hesabu ya michezo yake. Kadi zilikuwa 407. Chini ya kila jina Berger aliongeza kitu kimoja: nakala ya sahihi ya mchezaji, iliyopigwa chapa pamoja na picha.

Jambo hilo dogo lina maana kubwa katika habari hii. Sahihi ilikuwamo kadini kabla mtoto hajaiomba. Ilifanana na mwandiko wa mchezaji katika kila mkunjo, walakini mkono wa mchezaji haukuigusa karatasi ile. Mashine ndiyo iliyoigusa, mara maelfu kwa maelfu. Watoto hawakudanganyika. Walijua kwamba sahihi ya chapa ni kivuli, wakatoka kwenda kumtafuta mwenye kivuli.

Naye hakuwa mbali. Katika Brooklyn iyo hiyo, kwenye kiwanja kilichoitwa Ebbets Field, ilicheza timu ya Dodgers. Haikuwa timu ya matajiri. Ilishindwa na Yankees, majirani wao wa New York, katika fainali za mwaka 1941, 1947, 1949, 1952 na 1953, na kila mara watu wa Brooklyn walijipa moyo kwa kungoja mwaka ujao. Mwaka uliongojwa ulifika tarehe 4 Oktoba 1955, Dodgers walipowashinda Yankees na kutwaa ubingwa. Katika timu hiyo alikuwamo Jackie Robinson, aliyeingia ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947, akawa mtu mweusi wa kwanza kuicheza katika karne ya ishirini. Walikuwamo pia Roy Campanella mdakaji, Pee Wee Reese nahodha, Gil Hodges, Duke Snider, na Carl Erskine mrusha mpira.

Watoto waliwangoja karibu na milango ya kiwanja, kabla ya mchezo na baada yake, kadi mkononi na kalamu mfukoni. Hapakuwa na bei. Mchezaji alisimama, akauliza jina pengine, akaandika, akaendelea na safari. Au alipita kwa haraka, na mtoto akangoja siku nyingine. Walioishi mbali walipeleka kadi kwa posta, pamoja na bahasha yenye stempu na anwani ya kurudia, wakakaa wiki nyingi wakimvizia tarishi. Jambo hili lilikuwa na uzito zaidi ya mchezo. Katika majimbo ya kusini ya nchi hiyo sheria ilimkataza mtu mweusi kuketi na mweupe katika behewa, shule na mkahawa. Na wakati uo huo, mlangoni pa kiwanja cha Brooklyn, mtoto mweupe alinyosha mkono kumwomba Robinson amwandikie jina, na kwake lilikuwa heshima kulipokea. Karatasi ndogo kama ile haikuweza kuondoa dhuluma ya sheria. Hata hivyo ilikuwa hati ya heshima iliyotolewa bila kulazimishwa, na hati za namna hiyo zilikuwa chache katika nchi ile.

Udanganyifu haukukosekana hata katika siku hizo. Barua zilipozidi, baadhi ya timu na wachezaji walitumia mihuri ya mpira yenye mwandiko wa mchezaji. Watumishi wa vyumba vya kubadilishia nguo nao walijifunza miandiko ya wakubwa wao, wakawajibia watoto. Pengine nia yao haikuwa mbaya, maana walitaka mtoto asirudishiwe bahasha tupu. Lakini matokeo yalikuwa kwamba mtu alitunza kwa miaka 40 jina la mchezaji lililoandikwa na mfua nguo zake. Kosa lililofanywa kwa huruma ni kosa vile vile, na aghalabu hudumu kuliko lililofanywa kwa uovu, kwa kuwa hapana mtu anayelishuku.

Kisha nyakati zikageuka. Baada ya msimu wa mwaka 1957 Dodgers waliiacha Brooklyn wakahamia Los Angeles. Mwezi wa Februari 1960 ubomoaji wa Ebbets Field ukaanza, na mahali pake pakajengwa nyumba za kupanga. Mwaka uo huo, kwa masimulizi ya Berger mwenyewe, kadi za mwaka 1952 zilizokuwa zimekaa ghalani bila kununuliwa zilipakiwa katika chombo zikatoswa katika bahari ya Atlantiki. Nyingi zilikuwa za fungu la mwisho, kuanzia namba 311, lililofika madukani msimu ukiwa umekwisha kuchakaa. Nalo ndilo lililokuwa na Robinson, namba 312, Campanella, namba 314, na Reese, namba 333. Hivyo katika mwaka mmoja Brooklyn ilipoteza kiwanja chake na picha za mashujaa wake, na wote waliohusika waliona wanasafisha mahali tu. Wahenga husema kilicho baharini kikangojewe pwani, hiki hakikurudi. Namba 311, kadi ya Mickey Mantle wa Yankees, moja katika zilizonusurika, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6.

Kupotea kwa kadi kulikuwa nusu ya hasara. Nusu ya pili ilikuwa kupotea kwa mikono. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1958 gari la Campanella liliteleza na kupinduka. Akapooza, na mwandiko wake haukuwa tena ule uliojulikana na watoto wa Brooklyn. Hodges alikufa mwezi wa Aprili 1972 akiwa na umri wa miaka 47. Robinson alikufa mwezi wa Oktoba mwaka uo huo, akiwa na miaka 53. Mtu aliyekuwa akijaza timu yake ya mwaka 1955, kadi moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na sahihi, alitambua kwamba hashindani na wakusanyaji wenziwe, bali anashindana na mauti. Kadi inaweza kutafutwa baada ya miaka 100, madhali karatasi ipo. Sahihi haitafutwi ila mwenye mkono angali hai. Akiondoka, idadi ya sahihi zake duniani imefungwa, na lolote linaloongezeka baadaye ni uongo.

Hapo ndipo bei ilipopanda, na hapo ndipo maonyesho ya kadi yalipoanza kuenea katika miaka ya 1970 na 1980. Katika kumbi za mahoteli wachezaji wa zamani waliketi nyuma ya meza, na watu wazima, waliokuwa watoto wa milangoni zamani, walipanga mstari wakiwa na tiketi za kulipia. Wengi walilaumu. Lakini haki inataka upande wa pili usikiwe. Wachezaji wa miaka ya 1950 hawakuwa matajiri. Mshahara wa chini katika ligi kuu mwaka 1952 ulikuwa dola 5,000 kwa mwaka, na Topps kwa miaka mingi iliwalipa wachezaji dola 125 kwa mwaka kwa ruhusa ya kutumia sura zao. Wenye ubani walipata faida, wenye maduka walipata faida, na waliozinunua sahihi za bure ili kuziuza walipata faida. Ikawa ajabu kwamba mtu pekee aliyelaumiwa kwa kutaka fedha ni yule aliyekuwa na jina.

Walakini fedha ilileta majaribu yake. Malipo ya maonyesho yalikuwa ya taslimu, na taslimu haina kumbukumbu. Mwezi wa Julai 1995 Duke Snider na Willie McCovey, aliyekuwa mchezaji wa San Francisco, walikiri mahakamani kwamba hawakutangaza kwa watoza kodi fedha walizopata kwa kutia sahihi. Snider hakufungwa, alitozwa faini na kuwekwa chini ya uangalizi, na mwaka 2011 akafa. Lakini mahakama aliyosimama ilikuwa Brooklyn, mji uliompenda kuliko miji yote, mahali alipotia sahihi bure miaka 40 iliyopita. McCovey alipata msamaha wa rais mwezi wa Januari 2017. Katika mashtaka hayo hapana aliyesema kwamba sahihi zao zilikuwa za uongo. Jina lililokuwa kweli kwenye kadi lilikuwa limekosa ukweli kwenye fomu ya kodi.

Msiba mkubwa zaidi haukutoka kwa wachezaji, bali kwa watu wasiowahi kuushika mpira. Palipo na bei pana mwigaji. Katika miaka ya 1990 wapelelezi wa serikali ya Marekani, FBI, waliingia katika biashara hii, kwanza Chicago, kisha San Diego, katika pwani ya magharibi. Huko waligundua kikundi kilichokuwa kikiandika majina ya wachezaji, waigizaji na viongozi kwa wingi na kuyauza pamoja na hati za uthibitisho, ambazo nazo zilikuwa za uongo. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa ilikuwamo mipira ya besiboli yenye jina la Mama Teresa wa Calcutta. Mtu huweza kucheka. Lakini mpira ule unafundisha jambo moja la huzuni, kwamba mnunuzi alikuwa amekwisha kuacha kujiuliza jina hili limefikaje hapa.

Katika mji huo huo wa San Diego aliishi Tony Gwynn, aliyeichezea timu ya Padres misimu yake yote 20, tangu 1982 hata 2001. Siku moja Gwynn aliona katika duka la timu yake vitu vilivyouzwa kama vilivyotiwa sahihi yake, akatambua kwamba mkono haukuwa wake. Habari hii ni miongoni mwa zilizowafanya wakuu wa ligi kuanzisha mwaka 2001 utaratibu mpya. Kwa utaratibu huo, shahidi aliyefunzwa, aghalabu askari wa polisi wa sasa au wa zamani, husimama kando ya mchezaji na kuona kwa macho yake sahihi ikitiwa. Ndipo kitu hubandikwa alama yenye namba ambayo haiwezi kung'olewa bila kuharibika. Sahihi isiyoshuhudiwa haipewi alama, hata ikiwa ya kweli.

Utaratibu huo ni wa busara, na mtu wa pwani aliyezoea hati isimamayo kwa mashahidi hawezi kuuona mgeni. Lakini utazamwe pamoja na jambo jingine. Kuanzia mwaka 1990, kampuni ya Upper Deck ilipotia ndani ya pakiti zake kadi 2,500 zilizotiwa sahihi na Reggie Jackson, watengenezaji walianza kuuza sahihi pamoja na kadi. Baadaye wakaona ni rahisi zaidi kumpelekea mchezaji vibandiko vingi, akavitia sahihi mahali alipo, navyo vikabandikwa kadini kiwandani. Sahihi ya namna hiyo ni ya mkono wake bila shaka. Ila mkono ule haukuiona kadi, wala macho yake hayakumwona atakayeipokea. Historia imezunguka na kurudi karibu na meza ya jikoni ya Berger: kiwanda kinatoa kadi ikiwa na sahihi tayari, na mtoto hana haja ya kwenda mlangoni.

Hivyo wapenzi wa kadi wamefikia mahali pa ajabu. Sahihi zilizo rahisi kuthibitishwa ni zile zenye muhuri, namba na shahidi, nazo mara nyingi ndizo zilizotiwa bila mtu kukutana na mtu. Sahihi zilizozaliwa kwa kukutana, kama ile ya Robinson juu ya kadi iliyokunjika kwa joto la mfuko wa mtoto, hazikuwa na askari wala alama. Mtaalamu huzilinganisha na miandiko mingine akatoa maoni, na maoni yake yana heshima. Lakini maoni si ushahidi wa aliyeona. Aliyeona alikuwa mtoto, naye hakuandika daftari. Amezeeka, na anapofariki warithi hupata kadi bila kupata habari zake.

Wanafunzi wa historia wana la kuchukua hapa, kwa maana kazi yao haiko mbali na ya mkusanyaji. Nao hushika karatasi zenye majina, na kuulizwa kama majina hayo ni ya kweli. Muhuri huwasaidia, wino huwasaidia, mlinganisho wa miandiko huwasaidia. Lakini swali lililo nyuma ya yote hayo ni nani alikuwapo, na alisema nini kabla hajanyamaza. Carl Erskine, mrusha mpira wa timu ile ya mwaka 1955, alikufa mwezi wa Aprili 2024, akiwa na umri wa miaka 97. Na katika uzee wake aliulizwa habari za Brooklyn, akazieleza. Masimulizi ya namna hiyo hayaongezi bei ya kadi kwa dola moja. Yanaongeza kitu ambacho bei haikuweza kukilinda, yaani ule usahihi ambao neno lenyewe liliuahidi tangu mwanzo. Mwenye kadi ya babu yake na aipindue, aandike katika karatasi ya kando mahali, siku na mlango ilipotiwa sahihi, akiwa bado na mtu wa kumwuliza.